Kabla Diski Haijafutwa

Laptopu nyingi zinazouzwa pwani kwetu zimeshatumikia ofisi za Ulaya miaka kadhaa kabla ya kushuka bandarini Mombasa. Kule huondolewa zikiwa nzima, kwa kuwa ofisi imepanga kubadilisha vifaa vyake. Huku huanza kazi upya: kwa mwanafunzi, kwa mwenye duka, kwa madrasa. Halafu siku moja mwenyewe huambiwa mashine yake imepitwa na wakati, atafute nyingine. Nimeshaweka mifumo mipya ya uendeshaji, yaani programu kuu ya kompyuta kama Windows au Linux, kwenye laptopu kadhaa za namna hiyo hapa Amu (Lamu), na kuna jambo ambalo ningependa kila mwenye mashine ya mtumba alijue mapema. Kuweka mfumo wenyewe ni kazi ndogo. Kazi ni kuhakikisha: mwili wa mashine u hali gani, faili unayoiweka imetoka kwa nani, na vilivyomo ndani vimesalimika kabla diski haijafutwa.

Nitaeleza kwa laptopu moja, ya madrasa iliyo jirani na kwetu Langoni, kwa sababu hiyo ndiyo iliyonifundisha zaidi.

Ni mashine ya ofisi yenye prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha 4, kizazi kilichotoka mwaka 2013. RAM yake, yaani kumbukumbu ya kazi, ilikuwa GB 4, na diski yake ni zile za kuzunguka. Ilikuwa na Windows 10, ambayo Microsoft ilifunga huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa upande wa Intel, hudai prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kwa hesabu hiyo mashine ya madrasa haina njia ya kusonga mbele. Maalim alikuja nayo mkononi akiwa na mjukuu wake, binti anayechapa mitihani yote ya madrasa.

"Mwanangu, nimeambiwa hii haifai tena," akasema. "Nawe wasemaje?"

"Niachie niitazame kwanza, Maalim. Mwili wake bado mzima."

Tulianza na vilivyomo. Mitihani ya fiqhi, sira na tajwidi, orodha za wanafunzi na wazazi wao, na rekodi za watoto wakisoma kasida wakati wa Maulidi. Rekodi hizo hazina nakala popote, na kati ya watoto wanaosikika humo wapo ambao sasa ni watu wazima. Mjukuu alikuwa na hakika kila kitu kiko kwenye folda moja. Nikamwomba tupite pamoja: folda ya vipakuliwa, meza ya mbele, akaunti ya pili iliyofunguliwa zamani na mwalimu aliyehama. Kwenye akaunti hiyo ndimo tulimokuta rekodi nyingi za kasida. Tukanakili zote kwenye diski ya nje, kisha tukaichomeka diski ile kwenye mashine yangu tukawa tunafungua faili, chache kutoka kila folda, tukizisikiliza na kuzisoma. Wengi huishia kwenye kunakili. Mimi naona nakala ambayo haijafunguliwa kwenye mashine nyingine haijawa nakala bado.

Mwenye Windows iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha vilivyomo kwenye diski, naye atazame mapema kama anao ule ufunguo mrefu wa tarakimu, maana diski ikihamishwa au mipangilio ya uwashaji ikiguswa huenda akaombwa kuuingiza, na bila huo hapati kitu.

Baada ya hapo nikafungua mfuniko wa chini. Mtu wa bara hushangaa akiona ndani ya mashine iliyokaa Amu. Nyumba zetu za kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zimeezekwa kwa boriti, na chokaa ile huwa inapukutika unga mwembamba mwaka mzima. Unga huo huvutwa na feni. Mapezi ya kupoozea joto yalikuwa yameziba kabisa kwa utando mweupe, na ndiyo sababu mashine ilikuwa inaunguruma na kupunguza mwendo wake kila binti alipofungua nyaraka mbili. Prosesa ikipata joto sana hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na mtu huona ni uzee. Nikatoa utando ule kwa brashi laini, nikashika mapanga ya feni yasizunguke ovyo wakati wa kupuliza, nikabadilisha ute wa kupitisha joto kati ya prosesa na bamba lake, maana wa zamani ulikuwa umekauka na kupasuka. Kisha kuna chumvi. Tundu moja la USB lilikuwa limefanya kutu ya kijani kwenye vijino vyake. Spiriti safi na brashi ndogo viliirudisha hali yake. Kipande cha RAM nacho nikakichomoa, nikafuta meno yake, nikakirudisha, na cha pili cha GB 4 nikakiongeza kwenye nafasi iliyokuwa tupu.

Nasisitiza haya kwa sababu naona watu wakibadilisha mfumo kwa matumaini ya kuponya ugonjwa wa feni. Mfumo mwepesi utasaidia kidogo, kisha joto lilelile litarudi.

Mfumo niliouchagua ni Linux Mint 22, ule wa mazingira ya Xfce, yaani sura ya skrini na menyu zake, ambayo ni mepesi na hayamchanganyi mtu aliyezoea Windows: kitufe cha menyu kiko chini kushoto, saa iko chini kulia, dirisha lina alama zilezile za kufunga na kupunguza. Mint inataka RAM ya GB 2 angalau, na wenyewe wanashauri 4. Faili lake la kuwekea ni karibu GB 3. Kwa bando la simu huo ni mzigo, kwa hiyo mpwa wangu aliye Mombasa alilipakua kwa intaneti ya kazini kwake, akalitia kwenye flashi, akaiweka ndani ya bahasha na kumpa kondakta wa basi. Flashi ikapita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, ikavuka kwa boti pamoja na mizigo ya watu.

Ilipofika, Maalim alikuwapo kwangu. Akaniona nimekaa na simu mkono mmoja, nasoma herufi moja moja kutoka kwenye skrini ya kompyuta yangu na kulinganisha. Akauliza nafanya nini.

Nikamweleza. Waliotengeneza faili huipitisha kwenye hesabu iitwayo SHA256, ikatoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha hata herufi moja ndani ya zile GB 3, mfuatano hubadilika wote. Kwa hiyo mimi nikiipitisha faili ya kwenye flashi kwa hesabu hiyohiyo, na nikapata mfuatano uleule uliotangazwa na wenyewe, basi faili imefika kama ilivyotoka. Haikukatika wakati wa kupakuliwa, wala haikuguswa njiani.

"Na huo mfuatano uliotangazwa," akasema Maalim, "wajuaje kuwa ni wao walioutangaza?"

Swali hilo ndilo lenye uzito kuliko yote. Mwezi wa Februari mwaka 2016 tovuti ya Linux Mint yenyewe ilivamiwa, na kwa muda mfupi waliobofya kupakua toleo moja walielekezwa kwenye faili iliyotiwa mlango wa nyuma, njia ya siri ya kumwingiza mvamizi. Mvamizi anayeweza kubadilisha faili anaweza pia kubadilisha ule mfuatano ulioandikwa pembeni yake. Ndiyo maana kuna saini: ile orodha ya mifuatano hutiwa saini kwa ufunguo wa siri wa Mint, na mimi huithibitisha kwa ufunguo wao wa wazi ambao nimekuwa nao kwenye mashine yangu tangu zamani. Nikamwonyesha Maalim saini ikisomeka kuwa sahihi.

Akatikisa kichwa taratibu. Akasema hayo ni mambo anayoyajua: matini peke yake hayatoshi, lazima isnadi. Nani kapokea kutoka kwa nani, na kila mmoja awe anajulikana. Akanitaka nimtajie silsila ya kitu hiki mpaka mwanzo wake.

Nikamtajia. Mint ilianzishwa mwaka 2006 na Clement Lefebvre, Mfaransa. Nayo imejengwa juu ya Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Ubuntu imetoka kwenye Debian, aliyoianzisha Ian Murdock mwaka 1993. Na moyo wa zote ni Linux yenyewe, aliyoanza kuiandika Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, huku zana nyingi za kuizunguka zikiwa za mradi wa GNU aliouanzisha Richard Stallman mwaka 1983. Maalim alisikiliza jina kwa jina, akanirudisha kwenye Debian nimrudie mwaka. Nimeshaeleza habari za Linux kwa watu wengi, na hapana aliyewahi kuuliza vizuri kama yeye.

Likafuata swali la pili, ambalo nililitarajia: je, ni halali? Laptopu nyingi za mtumba huuzwa na Windows iliyowashwa kwa programu za kuvunja kufuli. Mnunuzi haambiwi, na mwenye kuivunja hajulikani ni nani wala kaweka nini kingine ndani. Maalim hakutaka kitu cha namna hiyo kwenye kompyuta inayotunga mitihani ya dini, hata kama ni cha bure. Nikamweleza leseni ya GPL, ambayo Linux imekuwa chini yake tangu mwaka 1992. Leseni hiyo inakuruhusu kutumia, kunakili, kumpa jirani, hata kubadilisha, mradi ukigawa ulichobadilisha umpe anayepokea haki hizohizo na msimbo wake. Hapana aliyeibiwa. Akaridhika, na mimi nikafurahi kuliko nilivyofurahi kwa lolote jingine katika kazi ile, kwa sababu mambo haya ya haki ya kutumia watu hupenda kuyapita upesi.

Kabla ya kuweka chochote niliiwasha mashine kwa flashi na kuiacha iendeshe Mint kutoka humohumo, bila kugusa diski. Hapa ndipo ningemshauri mtu atumie muda wake mwingi. Mfumo uko mbele yako mzima, na hujapoteza kitu. Nilimpa kiti mjukuu wa Maalim nikamwambia aifanye kazi yake kama siku zote. Akajaribu kila kitufe cha kibodi, na herufi moja ikawa ngumu, nikaitoa na kuisafisha. Akacheza kasida moja kusikia spika. Akafunga mfuniko, akaufungua, kutazama kama mashine inalala na kuamka. Waifai ilishika palepale, lakini kivinjari kikakataa kufungua kila tovuti, kikidai vyeti vya usalama si halali. Binti akadhani ni kasoro ya Mint. Nikamwonyesha tarehe pembeni: mashine iliamini tuko nyuma sana ya leo. Ile betri ndogo ya saa kwenye ubao mama ilikuwa imekwisha, na kwa mashine yenye kuamini ni mwaka mwingine, cheti cha leo kinaonekana bado hakijaanza kufanya kazi. Betri mpya ya bei ndogo ikamaliza jambo.

Kisha tukatazama diski. Programu ya kusimamia diski inayokuja na Mint huonyesha hali ya afya ambayo diski yenyewe huiweka kumbukumbuni. Nilitazama mistari miwili: sekta (vijisehemu vya diski) zilizohamishwa kwa sababu ya kuharibika, na zile zinazongoja kuamuliwa. Ya kwanza ilikuwa imepanda, ya pili haikuwa sifuri. Diski ya namna hiyo inaweza kufanya kazi miezi mingine, na inaweza kukatika wiki ijayo. Nikamwambia Maalim wazi kuwa siwezi kuweka mfumo mpya juu yake. Wazazi wakachanga, ikanunuliwa SSD, diski isiyo na kitu cha kuzunguka ndani, ya GB 240. Kwa laptopu ya umri huu hakuna kipande kingine kitakachobadilisha mwendo wake kiasi hicho, hata RAM haifui dafu.

Kuweka kwenyewe nitakueleza kwa ufupi. Hakikisha betri imejaa, kwa sababu stima ikikatika katikati ya kuandika diski mashine lazima iendelee kufanya kazi. Ilikatika kweli, saa ya alasiri, na laptopu ikaendelea kwa betri mpaka mwisho. Utaulizwa lugha, kibodi, saa za Nairobi, jina na nywila. Ukiulizwa kama diski ifutwe yote, soma jina na ukubwa wa diski kabla ya kukubali, ili usije ukafuta ile ya nje yenye nakala. Sisi tuliichomoa kabisa na kuiweka kabatini.

Mashine ilipojiwasha upya, kwenye orodha ya uwashaji pakaandikwa "ubuntu". Binti akauliza tumeweka nini. Ni kawaida: Mint hujiandikisha kwa jina la Ubuntu iliyoizaa. Nikalipandisha jina hilo juu ya orodha, na mfumo ukafunguka.

Kazi iliyobaki ikawa ya maandishi. Madrasa huandika mitihani kwa Kiarabu, na maelezo mengine kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Kwenye LibreOffice, programu ya kuandikia nyaraka, niliwasha msaada wa maandishi ya kutoka kulia, nikaongeza mpangilio wa kibodi wa Kiarabu, na wa Kiajemi kwa ajili ya herufi za "p" na "ch". Ya "v", yaani ڤ, binti huipata kwa kuandika 06A4 halafu Alt na X, ikageuka papo hapo, na sasa vidole vyake vimezoea. Mitihani ya zamani ilifunguka, ila iliyochapwa kwa fonti ya Microsoft ya Kiarabu ilipanga mistari vingine, maswali yakavuka kurasa. Maandishi ya Kilatini hayakusumbua, kwa sababu fonti za Liberation zimetengenezwa kwa vipimo sawa na Times New Roman na Arial. Kwa Kiarabu tukahamia Amiri, fonti ya bure iliyofufua herufi za matbaa ya Bulaq ya Kairo za mwanzoni mwa karne ya 20. Maalim alipoona ukurasa wa kwanza uliochapwa alivaa miwani yake, akausogeza mlangoni penye mwanga, akasema hizi ndizo herufi za vitabu alivyosomea.

Niliwasha programu ya Timeshift ihifadhi hali ya mfumo kila wiki, nikamwambia binti kuwa hiyo hurudisha mfumo tu na haihifadhi mitihani, kwa hiyo nakala ya nyaraka anaifanya mwenyewe kwenye diski ya nje kila mwisho wa wiki. Masasisho ya Mint 22 yatatolewa hadi mwaka 2029.

Hivi karibuni madrasa imetaka laptopu ya pili, na Maalim akamtuma mjukuu wake Mombasa. Alinipigia simu akiwa dukani. Ya kwanza aliyopewa, alipoingia kwenye mipangilio ya uwashaji, ilidai nywila ya ofisi iliyotoka, na muuzaji hakuwa nayo. Akairudisha. Ya pili akaiwasha kwa flashi yake mwenyewe palepale juu ya meza ya muuzaji, akasoma ile mistari miwili ya diski, yote sifuri, akapita kibodi kitufe kwa kitufe. Waifai ndiyo haikuonekana. Nikamwambia baadhi ya kadi za waifai hutaka kiendeshi cha ziada, yaani programu ya kuiendesha kadi yenyewe, aunganishe simu kwa waya ipate intaneti, afungue sehemu ya viendeshi akubali kinachopendekezwa. Nikamsikia akimwomba muuzaji waya. Waifai ikashika, akaniuliza nafasi ya pili ya RAM inatazamwa wapi bila kufungua mfuniko, nikamwambia, akaipata iko tupu. Ndipo akalipa.